Chupa ya Namba Sita

Tarehe 4 Februari

Mwanangu kitindamimba,

Hujambo mama? Kazi je? Mimi huku sijambo, ukiondoa goti langu ambalo siku hizi lina maoni yake kuhusu kila ngazi. Yale mafua yaliyonilaza mwezi wa kumi na mbili yalishapona. Nyumba ni kimya tangu mama yako atutoke, lakini banda la nyuma linachemka kila wiki, basi siwezi kusema nina upweke.

Kwenye boksi utakuta chupa tatu. Nimezifunga kwa magazeti na fulana yangu ya zamani, na fulana naitaka irudi. Utaratibu ni ule ule: hakuna lebo, hakuna jina, ni namba tu niliyoiandika kwa rangi juu ya kizibo. Unaonja, unaandika, ndipo unaniuliza. Na tafadhali usinivike kilemba cha ukoka. Bia ikiwa mbaya sema ni mbaya, nitanuna siku mbili kisha nitashukuru.

Safari hii nina haraka. Mwezi wa sita kuna maonyesho ya watengenezaji wadogo wa bia, sisi wa banda moja na mapipa mawili matatu, kwenye ukumbi ulio nyuma ya stesheni. Mama mwenye hoteli kubwa atapita meza kwa meza na kuchagua bia moja ya kuuza kwenye baa yake. Moja tu. Na wale niliofanya nao kazi kiwandani miaka thelathini watakuwepo, wengine ndio majaji. Nasikia wanasema Pua amezeeka. Hilo jina walinipa wao wenyewe, kwa sababu nilikuwa nikifika getini najua pipa gani limeharibika. Sasa nataka waonje, halafu waniambie usoni kwamba nimezeeka.

Majirani siwezi kuwapa. Wale watasifu hata maji ya kuoshea mapipa, ilimradi ni ya bure. Ulimi ninaouamini ni wako peke yako. Usijivune, imeniponyoka tu.

Baba yako,
Pua


Tarehe 19 Februari

Baba,

Shikamoo. Goti lisalimie, liambie likubali kwenda hospitali. Mimi ni mzima. Kazini ni kule kule, chumba cheupe kisicho na dirisha, taa nyekundu ili tusidanganywe na rangi, gilasi thelathini kabla ya chakula cha mchana na biskuti kavu katikati. Marashi marufuku, kitunguu marufuku, hata sabuni ya kunukia marufuku. Watu wakisikia nalipwa kuonja bia wanadhani nimepata pepo duniani. Waje wakae siku mbili.

Haya, chupa zako. Nimezionja Jumamosi asubuhi kabla sijala kitu.

Namba moja: rangi ya chai ya rangi, povu linakaa. Puani ganda la chungwa, kisha mkate ulioungua pembeni. Mdomoni inaanza tamu, halafu uchungu unakuja taratibu na kukaa nyuma ya koo. Ni bia nzuri, ila inakosa nguvu katikati. Ipe siku nyingine kumi pipani.

Namba mbili: imwage. Inanuka kabichi iliyochemshwa ikasahaulika jikoni. Ulifunika sufuria wakati wa kuchemsha, sivyo? Wewe uliyenichapa kijiti mkononi nilipofunika nikiwa na miaka kumi na mbili! Nimecheka peke yangu.

Namba tatu, ile ya ngano: ndizi mbivu, karafuu kwa mbali, povu jeupe zito. Laini. Baba, nimeimaliza chupa nzima, na mimi sijawahi kumaliza chupa nzima ya kitu chochote tangu niajiriwe. Ukikosa cha kupeleka maonyesho, peleka hii.

Fulana inakuja, nimeifua.

Mwanao,
Kitindamimba


Tarehe 6 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Fulana imefika salama. Namba mbili nimeimwaga, na ndiyo, nilifunika. Nilikwenda kufungua mlango nikasahau. Usimwambie mtu.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Sasa nijibu haya: ile ndizi ya namba tatu ni ndizi iliyoiva tu, au iliyoanza kuwa nyeusi? Karafuu inakuja kabla ya ndizi au baada? Na ule mkate wa namba moja, umeungua kidogo au umeungua kabisa? Andika kwa kirefu, mama, usiogope kunichosha. Mzee asiye na kazi nyingi anasoma hata maandishi ya kwenye mfuko wa saruji.

Nakutumia ya nne, ya tano na ya sita. Hiyo ya sita sijui nikueleze nini. Siku ile nilikuwa na mawazo, mkono ulijiendea wenyewe, hopsi, yale maua ya kutia uchungu, nilizitia kwa kukisia na kimea cha kukaanga nadhani nilikitia mara mbili. Sikuandika daftarini. Kwa hiyo iangalie hiyo vizuri kuliko zote.

Kila la heri. Usiruke chakula cha asubuhi kwa sababu yangu.

Baba yako,
Pua


Tarehe 20 Aprili

Baba,

Shikamoo, na unisamehe kwa kukawia. Wamenipandisha cheo, sasa mimi ndiye msimamizi wa chumba. Maana yake ni gilasi zile zile thelathini, na juu yake mikutano. Natumai u mzima na goti limetulia.

Namba nne: nyeusi, kahawa, chokoleti chungu, mwisho mkavu. Nzuri, ila nyepesi kuliko rangi yake inavyoahidi. Namba tano: safi, haina kosa, inakwenda vizuri. Namba sita imenikera. Uchungu umepitiliza, unakwaruza ulimi na hauna cha kuufuta. Imwage, usipoteze muda nayo.

Lakini baba, maswali gani yale? Ndizi nyeusi, ndizi ya njano, karafuu kabla, karafuu baada! Kwani wewe huijui bia yako? Aliyenifundisha kunusa ni wewe, ukiniziba macho kwa taulo na kuniwekea vikombe mezani. Unanitania au unanipima?

Mwanao,
Kitindamimba


Tarehe 2 Mei

Mwanangu,

Marahaba, na hongera kwa cheo. Mama yako angepiga vigelegele mpaka mtaa wa pili.

Ya sita nimeimwaga. Pipa zima. Nilikaa kwenye ndoo nikaangalia povu linavyoingia mferejini, na sikufurahi, lakini umesema imwagwe, imemwagwa.

Swali lako sikulipenda. Ninaijua bia yangu. Ninakuuliza kwa sababu mtu akikaa na kitu chake kila siku hakioni tena, basi. Tusirudi hapo.

Nimekutumia ya saba. Hii ndiyo ninayotaka kuipeleka. Ni ile namba moja niliyoirekebisha, nikaiongezea kimea na kuipa muda. Naomba, na mimi si mtu wa kuomba, uionje mara mbili, siku mbili tofauti, asubuhi. Juzi nilibadilisha mpira wa bomba la pipa na sina hakika kama nilikuwa nimeusafisha vizuri. Ukisema hapana, hakuna neno, ngano ya namba tatu bado ninayo pipa moja, nitapeleka hiyo. Ukisema ndiyo, napeleka saba. Nasubiri neno lako tu, nisipolipata sipeleki kitu.

Baba yako,
Pua


Tarehe 18 Mei

Baba,

Shikamoo. Naandika haraka, kuna wageni kazini wiki nzima. Mimi mzima, natumai nawe.

Namba saba ndiyo yenyewe. Ganda la chungwa, mkate ulioungua pembeni, tamu mwanzoni, kisha uchungu wa taratibu unaokaa kooni, na sasa hata katikati ina nguvu. Mpira wa bomba usikusumbue, hakuna kitu. Ipeleke bila wasiwasi. Hao majaji wako watakula jeuri yao.

Mwanao,
Kitindamimba


Tarehe 12 Juni

Mwanangu,

Natumai hujambo. Mimi nipo.

Maonyesho yalifanyika Jumamosi. Watu walikuwa wengi. Nitakusimulia.

Kwenye boksi kuna chupa moja, namba nane. Ionje uniambie kwa kirefu.

Baba yako,
Pua


Tarehe 30 Juni

Baba,

Shikamoo! Mbona unaninyima uhondo? Mama wa hoteli alisemaje? Majaji je? Nimewaambia wenzangu kazini kwamba baba yangu anaingia kwenye baa ya hoteli, usiniumbue.

Namba nane nimeionja jana. Nimeipenda. Ni nzito kidogo mdomoni, kuna kahawa, kuna sukari iliyoungua, na mwisho kuna uchungu mpole ambao hauna haraka. Nadhani ni ndugu yake namba nne, ila huyu amekua. Endelea nayo.

Niandikie basi, nakufa kwa hamu.

Mwanao,
Kitindamimba


Tarehe 9 Julai

Mwanangu,

Natumai barua hii inakukuta mzima.

Namba nane ni maji. Niliyakinga kwenye bomba la uani, nikayatia kwenye chupa, nikapiga kizibo, nikaandika namba. Hayana kahawa wala sukari iliyoungua.

Sasa nikusimulie maonyesho, maana umesema unakufa kwa hamu.

Niliwahi kufika. Nilivaa shati jeupe na lile koti la harusi ya kaka yako. Meza yangu ilikuwa ya tatu kutoka mlangoni. Mama wa hoteli alifika mapema, mtu mpole, akanisalimia kwa mikono miwili. Nikammiminia saba. Alipiga funda moja, akasimama nayo mdomoni. Akatazama huku na huku, akauona mtungi wangu wa maji, akatema humo. Akaniambia samahani baba, akaenda meza ya nne.

Nilidhani hapendi bia chungu. Kweli nilidhani hivyo. Nikammiminia Fundi Mapipa wa kiwandani, unamkumbuka, alikuwa anakuletea peremende. Yeye hakunywa kabisa. Alinusa, akaiweka gilasi chini, akanishika bega akasema kwa sauti ndogo, "Pua, hii wewe hujainusa? Ni siki hii. Inanuka soksi." Na mimi, badala ya kunyamaza, nikachukua gilasi nikainywa yote mbele yao, nikafuta mdomo, nikasema, "Mbona nzuri?" Mtu mmoja nyuma alicheka. Kisha wakacheka wengine. Kisha wakaacha kucheka, na hapo ndipo paliponiuma zaidi.

Mwanangu, pua yangu ilikufa na yale mafua ya mwezi wa kumi na mbili. Ulimi ukaifuata. Nasikia baridi na moto, nasikia mapovu, basi. Chai, supu, bia, dawa ya mswaki, vyote ni kitu kimoja. Daktari alisema huenda vitarudi, na alipokuwa anasema alikuwa anaangalia karatasi zake.

Sikumwambia mtu. Kiwandani kulikuwa na mwonjaji mzee kabla yangu, aliyepotewa na pua kama hivi akawa anaficha. Mimi ndiye niliyemkamata. Nilimpa gilasi ya bia iliyochacha mbele ya zamu nzima, akainywa akaisifu, tukacheka mpaka tukashika mbavu. Kesho yake akapelekwa kuosha chupa, na mimi nikapewa kiti chake. Kila nikitaka kukuandikia ukweli nilimwona yule mzee. Na nilijua nikikwambia utaacha kazi uje kunusa mapipa kwa huruma. Nikasema hapana. Nina mtoto mwenye pua kule, atanusa kule kule, atakuwa ananiandikia, na hakuna atakayejua. Barua zako ndizo nilizokuwa naonjea. Nilikuwa nazibandika ukutani bandani, juu ya mapipa.

Baada ya maonyesho nilizibandua zote nikazipanga mezani. Barua ya namba saba ina maneno ya namba moja, neno kwa neno, chungwa lile lile, mkate ule ule. Bado nikajiambia labda ni kweli, ni bia moja nimeirekebisha tu. Ndipo nikakutumia maji.

Hukunidanganya kama baba. Watoto huwadanganya baba zao, mimi pia nilimdanganya wangu. Umenidanganya kazini.

Pua


Tarehe 16 Julai

Baba,

Shikamoo. Sijui kama nina haki ya kukusalimia.

Barua yako nimeisoma nimesimama mlangoni, na begi begani. Sina cha kujitetea, nitakueleza tu ilivyokuwa.

Zile tatu za kwanza nilizionja, na namba nne niliionja. Nyingine zilikuwa chini ya sinki, nyuma ya ndoo. Kila siku naonja thelathini, baba, nikirudi sitaki hata kuona chupa. Nilikuwa najiambia kesho, Jumamosi, wiki ijayo. Kisha nikaona aibu kwa kukawia, nikaandika. Sikujua. Wallahi sikujua. Nilidhani bia yako unaijua kuliko mimi, na kwamba haya ya chupa na namba ni njia yako ya kuongea nami kwa sababu hujui kuongea kwa njia nyingine. Nilidhani ukipata barua inatosha. Ungeniambia neno moja tu! Nina hasira na wewe kwa hilo, na nina hasira na mimi zaidi, na usiku silali.

Leo asubuhi nimezitoa zote nikazifungua, moja moja, nikiwa sijala. Nitakuandikia kweli sasa, japo imechelewa.

Namba nane: maji. Yana chuma kidogo, bomba lile linahitaji kubadilishwa.

Namba saba: sikuhitaji hata gilasi. Nilipofungua kizibo nilirudi nyuma. Mtu yeyote angejua.

Namba tano: ya kawaida, haina kosa. Nilibahatisha.

Namba sita. Baba, hapa nimekaa muda mrefu. Ile barua ya Aprili, niliogopa nikizisifu zote utashtuka kwamba sikuonja, basi nikachagua moja niiseme vibaya. Nikachagua sita, kwa sababu mwenyewe ulikuwa na mashaka nayo. Leo nimeionja. Inaanza na moshi, moshi wa kuni kwa mbali, kisha inageuka mkate mtamu, kisha kuna kitu kama ganda la limau ambalo sijui ulilitoa wapi. Uchungu ni mkubwa, lakini kila unapodhani umezidi unalainika. Nimeonja bia za watu wenye vyeti ukutani na mitambo ya kung'aa. Sijaonja inayoifikia hii. Nimeonja mafunda matatu, nikaweka kizibo na kuirudisha kwenye friji, nusu na zaidi, nikuletee. Nakwambia haya ili ujue mkono wako haujafa.

Nimeomba likizo. Niruhusu nije. Nitakuwa pua yako, tutaitengeneza tena hiyo sita, tutampelekea yule mama wa hoteli mpaka mlangoni kwake.

Nisamehe.

Mwanao


Tarehe 2 Septemba

Mwanangu,

Natumai u mzima na unalala sasa. Lala. Mimi sijambo, goti limetulia tangu niache kubeba ndoo.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa kikali kuliko nilivyokusudia. Kukusamehe nimekusamehe. Chumba chako kipo, shuka nimebadilisha, njoo siku yoyote ukae na baba yako. Ila usije kwa ajili ya mapipa. Fundi Mapipa alikuja na mkokoteni akayachukua yote. Alitaka kunifariji, nikamwambia afunge mdomo abebe, akabeba. Bandani sasa kuna baiskeli na mifuko ya mkaa.

Namba sita ungeninyamazia.

Najua ulitaka kunipa moyo. Lakini nimekaa wiki sita na ile barua, nikijaribu kukumbuka siku ile nilitia nini na kwa kiasi gani. Limau hata silijui. Moshi labda ni kile kimea cha kukaanga, labda niliunguza sufuria, sikusikia harufu. Sikuandika daftarini. Hatuwezi kuitengeneza tena, mama, hata ukija na pua kumi. Bia yangu bora kuliko zote niliitengeneza kwa sababu sina pua, na niliimwaga mferejini kwa sababu nilikuwa na yako.

Umesema umeniwekea nusu chupa. Usinihifadhie. Nikiinywa mimi, tofauti yake na namba nane ni mapovu tu, na nadhani hata mapovu yatakuwa yameshaisha. Itoe kwenye friji, ikae kidogo ipungue baridi, kisha ukae chini uinywe yote taratibu.

Na usiniandikie ilikuwaje.

Baba yako